Umekuja Mbwajumali likizo? Shanga haiko mbali

Tuseme wazazi wako ni Wabajuni wa Mbwajumali, lakini wewe umekulia Jeddah, Muscat au hata Nairobi (kwa bibi, Nairobi nayo ni ng'ambo tu). Mwezi wa nane mmekuja kusalimia jamaa. Siku tatu za kwanza ni raha tupu: mkate wa mofa, samaki wa nazi, na kila shangazi anakwambia umekuwa mrefu. Siku ya nne unaanza kupanda darini kutafuta netiweki. Hapo ndipo umwambie babako: twende Shanga.

Ni kisiwa hichi hichi cha Pate, kwa hiyo hamhitaji kurudi Lamu. Mnachukua boda hadi Siyu, mnatafuta mwenyeji anayejua njia, kisha mnatembea karibu saa moja katikati ya mashamba na vichaka. Bebeni maji mengi. Duka huko hakuna, na jua la Pate halina huruma.

Sasa, usitarajie Gedi. Gedi imefyekwa, ina lango na tiketi, na mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Shanga ni kuta za matumbawe zilizomezwa na miti, nyumba zaidi ya mia moja, na makaburi yasiyohesabika kirahisi. Ukiwa na haraka utaona mawe tu. Ndugu zako wadogo watalalamika, waache walalamike kidogo.

Wapelekeni msikiti wa Ijumaa. Mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba hapa miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe wakakuta mabaki ya msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena. Wa chini kabisa ulikuwa kijumba cha miti, ukiwa na alama za nguzo tu zilizobaki ardhini, wa karne ya 8. Yaani watu walisali pahali pamoja, wakibomoa na kujenga upya, hadi mji ulipohamwa karne ya 15. Zilipatikana pia sarafu ndogo mno za fedha, zimeandikwa kwa Kiarabu.

Mbona hili likuhusu wewe? Kwa sababu ukiwa ng'ambo umeshaulizwa, au utaulizwa: miji yenu si ilijengwa na wageni? Vitabu vya zamani vilisema hivyo, kwamba Waarabu na Waajemi walikuja na mji mkononi, wenyeji wakatazama. Shanga inatoa jibu lingine. Tabaka za chini zina nyumba za miti na udongo na vyungu vya kienyeji, na mawe yanakuja baadaye, polepole, juu ya maisha yale yale. Biashara ilileta vitu na dini kutoka ng'ambo ya bahari, ndiyo. Mji wenyewe ulikulia hapa. Hilo ukilijua kwa miguu yako, huhitaji kupandisha sauti darasani.

Utasikia pia habari za Wachina. Watu wa Siyu husimulia kuwa mabaharia wa China walizama karibu na hapa, wakaoa wenyeji, na wengine hulihusisha jina Shanga na Shanghai. Mwaka 2005 msichana mmoja wa Siyu alipewa nafasi ya kwenda kusoma China kwa sababu ya hadithi hiyo. Vigae vya China kwa kweli vipo, lakini kigae husafiri hata bila mwenyewe, kama simu yako ilivyofika Mbwajumali bila fundi aliyeiunda. Mimi hadithi naipenda. Ushahidi bado nausubiri.

Na vigae hivyo, tafadhali, viache palipo. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakataza kuviondoa, na kigae kikishatiwa mfukoni hakisemi tena kilitoka tabaka gani. Piga picha. Makaburini usikanyage wala usipande juu kwa ajili ya selfi, hao ni wazee wa mtu, pengine ni wako.

Mkirudi, pumzikeni Siyu mtazame ngome. Mji huu wa mafundi na wanazuoni, chini ya Bwana Mataka, uliyashinda majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar miaka ya 1840. Mkiwa na siku ya pili, nendeni mji wa Pate, ambako tumbaku inalimwa katikati ya magofu. Majumba hayo ndiyo yaliyomfanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi.

Lakini kazi kubwa iko nyumbani, jioni, baada ya kahawa. Mwonyeshe bibi picha na umuulize pale panaitwaje, kile kisima cha nani, mti ule una faida gani. Atakujibu kwa Kitikuu, na nusu hutaielewa. Usimwombe aseme Kiswahili cha shule. Washa kinasa sauti cha simu, mwache aendelee, kisha kesho mkae na ami yako akufafanulie neno kwa neno.