Kufunga kwa Saa 16 na Barua Kutoka Shuleni

Ramadhani hii nimepokea barua kutoka shule anayosoma mwanangu. Wanauliza kuhusu lishe ya mtoto nyumbani, kwa sababu kijana wa miaka 11 amewaambia wenzake kwamba hali mpaka jua lizame. Mwalimu kumuulizia mtoto ni wajibu wake, sina neno na hilo. Kinachoniuma ni kwamba hapa hapa Coventry nimezungukwa na watu wazima wanaofunga saa 16 kila siku, simu zikiwahesabia, na wanapongezwa. Na sasa hata wifi zangu wa Bagamoyo wananitumia ujumbe wa sauti kuuliza kama "hiyo ya Wazungu" inaondoa kitambi. Basi acha nieleze ilikotoka.

Hapa Uingereza ilishika moto mwaka 2012, marehemu Michael Mosley alipotoa kipindi cha BBC kuhusu kufunga. Mwaka 2013 kikafuata kitabu cha mtindo wa 5:2: siku tano unakula kama kawaida, siku mbili unajibana, kalori 500 hivi kwa mwanamke na 600 kwa mwanamume. Siku mbili kwa wiki! Kwetu Bagamoyo, kuanzia Dunda mpaka Kaole, kila mtaa una wazee wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, na majirani zetu wa Misheni, waliopo tangu 1868, wana Kwaresima yao. Mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japani akapata Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi seli zinavyosaga na kutumia upya sehemu zake zilizochakaa. Wauzaji wa mfungo wakaidaka habari hiyo, ingawa ugunduzi wake ulitokana na hamira, si matumbo ya watu. Siku hizi unaotamba ni 16:8: saa 16 huli, saa 8 unakula.

Kwa nini mfungo huo unawafaa Waingereza? Lazima uone watu wa hapa wanavyokula. Wanakula wakitembea, wanakula kwenye basi, wanakula mbele ya kompyuta. Ofisini kwetu saa nne asubuhi kopo la biskuti linazunguka. Saa saba kila mtu anafungua sandwichi yake ya baridi, ile ya pembetatu ya dukani, anaila huku anajibu barua pepe. Saa tisa kuna keki, maana mwenye siku ya kuzaliwa hakosekani. Usiku ni krispi mbele ya televisheni. Mtu anamaliza mlo mzima ubavuni mwako bila kukwambia karibu, na hata hakuangalii. Anayeishi hivyo akiacha kula saa mbili usiku hadi saa sita mchana, biskuti zimeondoka, krispi zimeondoka, na uzito unashuka.

Siri iko hapo. Ni kweli mwili ukikaa bila chakula humaliza kwanza sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, kisha huegemea zaidi mafuta. Lakini mizani inafuata jumla ya ulichokula. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Guangzhou, China. Watu 139 wenye unene uliokithiri walipunguziwa chakula wote, ila kundi moja likaruhusiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Baada ya mwaka kundi hilo lilipungua wastani wa kilo 8, wenzao kilo 6.3, tofauti isiyotosha kusema kwamba saa ndizo zilizofanya kazi.

Kwa hiyo, wifi zangu, tazameni futari kwanza. Mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati zinazochuruzika shira, kisha daku juu yake: hapo hakuna kitambi kitakachoondoka. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge aanze kwa daktari, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Sasa turudi kwa mwanangu. Bagamoyo mfungo ni saa 13 na kitu mwaka mzima. Hapa urefu wa siku hubadilika sana: Juni 2016, yeye akiwa bado mdogo, baba yake alifunga zaidi ya saa 18 na kufuturu saa tatu na nusu usiku. Lakini mwaka huu Ramadhani imeanza Februari, siku ni fupi, kijana anakula daku na kufuturu saa kumi na moja na nusu jioni. Ni kama saa 12. Kweli, wale wa saa 16 wanakunywa maji na kahawa, yeye hanywi. Ila hakuna aliyemlazimisha. Nilimruhusu Jumamosi na Jumapili, akaniganda mpaka nikampa na Ijumaa. Mdogo wake wa darasa la pili, ambaye shuleni anapewa chakula cha bure kama watoto wote wa madarasa ya chini tangu 2014, anaamka kula daku, anakula mchana, na magharibi anakaa wa kwanza kwenye mkeka akidai amefunga. Tunampa tende yake.

Shule nimewajibu hivyo: siku za shule anafunga Ijumaa tu, akijisikia vibaya afungue, na yeye analijua hilo. Nikaomba wakati wa chakula akae maktaba. Wamekubali. Shida iliyobaki ni kwamba Ijumaa shuleni ni siku ya samaki na chipsi, na anaona anaonewa, kwa hiyo jioni ananidai changu wa kukaanga.