Kimya cha wanunuzi chawapunja wauzaji wa minada ya intaneti

MUUZAJI mgeni katika mnada wa intaneti anaweza kuwa na mali safi, picha nzuri na bei ya kuanzia isiyomtisha mtu, lakini bado akauza kwa bei ya chini kuliko mwenzake anayenadi kitu kile kile siku ile ile. Kinachowatenganisha wawili hao mara nyingi si mali. Ni tarakimu iliyoandikwa kando ya jina la muuzaji, inayoonyesha ni wanunuzi wangapi waliowahi kusema kuwa walitendewa haki.

Tatizo ni kwamba tarakimu hiyo haiandikwi na muuzaji. Huandikwa na mnunuzi ambaye amekwisha kulipa, amekwisha pokea kifurushi chake na hana tena shida na mtu. Akiamua kunyamaza, yeye hapotezi kitu. Anayepoteza ni muuzaji, na baada yake mnunuzi mwingine atakayekuja kesho akitafuta wa kumwamini.

Thamani ya jina zuri mnadani imewahi kupimwa kwa fedha taslimu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Paul Resnick wa Chuo Kikuu cha Michigan, Richard Zeckhauser wa Harvard na wenzao wawili walifanya mpango na muuzaji mzoefu wa postikadi za kale katika mnada wa eBay wa Marekani. Zilitengenezwa jozi 200 za mafungu ya kadi yanayolingana. Fungu moja la kila jozi liliuzwa kwa jina lake halisi, lenye sifa nyingi alizokusanya kwa miaka, na la pili kwa jina jipya ambalo hakuna aliyelijua. Mali ilikuwa ya mtu yule yule. Pamoja na hayo, wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina linalojulikana.

Asilimia nane inaweza kuonekana ndogo mpaka ihesabiwe kwa jicho la biashara. Tuseme mtu anauza vitu 200 kwa mwezi kwa wastani wa Dola 20 kila kimoja. Mauzo yake ni Dola 4,000, na asilimia 8.1 ya hizo ni Dola 324. Kama faida yake baada ya kununua mali, kufungasha na kulipa ada ya mnada ni asilimia 15, yaani Dola 600, basi kukosa sifa kunamlia zaidi ya nusu ya faida hiyo. Hakuna muuzaji wa rejareja anayeweza kulipuuza jambo la ukubwa huo.

Asili ya utaratibu wenyewe

Mnada wa eBay ulianzishwa Septemba 1995 mjini San Jose, California, na Pierre Omidyar, wakati huo ukiitwa AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyovunjika, ambayo ilipata Dola 14.83. Siku hizo mshindi wa mnada alituma hundi au hawala ya fedha kwa posta, kisha akakaa kusubiri mali kutoka kwa mtu asiyemjua wala kuwahi kuisikia sauti yake. Malalamiko yalianza kumfikia Omidyar mwenyewe, naye hakuwa na ofisi ya kuyasuluhisha.

Februari 1996 alikuja na njia nyingine. Alifungua ukurasa wa maoni ambapo wanunuzi na wauzaji wangesemana wenyewe hadharani: alama moja ya kuongeza kwa aliyetenda vema, sifuri kwa wa katikati, na alama moja ya kupunguza kwa aliyevuruga. Aliyefikisha alama 10 alipewa nyota ya njano kando ya jina lake. Nyota hiyo hugeuka buluu akifika 50, na hufika nyekundu akitimiza 1,000.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetoa mzigo kwa mali kauli anaweza kushangaa kwa nini mambo hayo yote yanahitajika. Yeye anajua duka la mteja wake lilipo, anajua anakoishi, na anajua nani wa kumuuliza. Habari za mtu asiyelipa huzunguka mtaa mzima kabla ya jua kuzama. Katika mnada wa intaneti mtaa huo haupo. Maoni ya wanunuzi ndiyo mtaa wenyewe, na mtaa usiosema kitu haumsaidii mwema wala haumzuii tapeli.

Wachumi wanalijua jambo hili tangu mwaka 1970, George Akerlof alipoandika juu ya soko la magari yaliyotumika. Alieleza kuwa mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na lile bovu, ambalo Wamarekani huliita limau na ambalo huku ni mkweche, hutoa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zima huona anapunjwa, hulitoa sokoni, na mwisho hubaki mikweche mitupu. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Akerlof Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Kwa maneno mengine, maoni ya mnunuzi yanafanya kazi ya kumtenga mwenye gari zima na mwenye mkweche, ili kila mmoja apate bei yake.

Nusu yao hawasemi

Resnick na Zeckhauser walipochunguza mauzo ya eBay ya mwaka 1999 walikuta kuwa wanunuzi walioandika maoni juu ya wauzaji walikuwa asilimia 52.1 tu. Wauzaji walikuwa wepesi kidogo, asilimia 60.6. Karibu nusu ya mauzo, basi, yalipita bila mnunuzi kusema neno.

Sababu si ngumu kuiona. Maoni ni mali ya wote lakini gharama yake ni ya mmoja. Anayekaa dakika tano kuandika anawasaidia watu asiowajua, na hakuna anayemlipa. Kwa hesabu ya faida binafsi, ajabu si kwamba nusu wananyamaza; ajabu ni kwamba nusu wanasema.

Jambo la kutazamwa zaidi ni lile walilosema waliosema. Katika takwimu hizo hizo, asilimia 99.1 ya maoni ya wanunuzi yalikuwa ya sifa. Malalamiko yalikuwa asilimia 0.6. Soko lolote linalodai kuridhisha wateja wake kwa kiwango hicho linastahili kutiliwa shaka, na ndivyo ilivyokuwa. Chrysanthos Dellarocas na Charles Wood, katika utafiti wa mwaka 2008 uliotumia minada ya sarafu adimu, walikadiria kuwa wanunuzi wapatao 21 katika kila 100 walikuwa hawakuridhika kwa kiasi fulani. Wengi wa hao hawakulalamika. Walinyamaza.

Kwa hiyo kimya kina pande mbili. Kuna mnunuzi aliyeridhika akasahau, na kuna aliyekereka akaogopa. Muuzaji mwaminifu anaumizwa na wote wawili: wa kwanza anamnyima alama aliyoifanyia kazi, na wa pili anamwachia mshindani wake mbovu aonekane sawa naye.

Hofu ya aina ya pili ilikuwa na msingi. Kwa miaka mingi pande zote mbili ziliweza kutoa alama mbaya, na muuzaji mjanja alisubiri mnunuzi aseme kwanza. Akilaumiwa, naye alirudisha lawama papo hapo. Mnunuzi aliyetaka kulinda jina lake aliona heri kufunga mdomo. Mei 2007 eBay ilianzisha nyota moja hadi tano katika mambo manne, ambayo ni mali kulingana na maelezo, mawasiliano, muda wa kutuma na gharama za kutuma. Alama hizo zilitolewa bila muuzaji kuona nani katoa nini. Mei 2008 ikaenda mbali zaidi na kuwaondolea kabisa wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya au ya katikati.

Wauzaji walipiga kelele sana, na baadhi yao walisusia mnada Februari mwaka huo baada ya kutangaziwa mabadiliko. Walidai kuwa sasa wameachwa mikono mitupu mbele ya wanunuzi wakorofi. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani mnunuzi anayetishia alama mbaya ili arudishiwe fedha yupo, ingawa kanuni za mnada zinakataza tishio hilo. Lakini sifa inayotolewa kwa hofu haimpi mnunuzi mwingine habari yoyote, na sifa isiyo na habari haiongezi bei.

Namna ya kumfanya mnunuzi aseme

Njia ya kwanza ni muuzaji kutoa alama yake mapema, mara fedha zinapoingia. Wajibu wa mnunuzi ni kulipa. Akilipa kwa wakati, amekwisha timiza sehemu yake na hakuna sababu ya kumweka akingoja. Wapo wauzaji ambao mpaka leo hushikilia alama hiyo kama rehani, wakisubiri mnunuzi aanze. Tangu mwaka 2008 rehani hiyo haina thamani, maana hawana tena alama mbaya ya kumtishia nayo. Inabaki kuwa ubahili tu.

Pili ni kikaratasi ndani ya kifurushi. Kisiwe na maneno mengi: asante kwa kununua, kama kuna kasoro tuandikie kabla ya jambo lingine lolote, kama umeridhika, tafadhali waambie wengine. Mpangilio wa sentensi hizo una maana. Anayeanza kwa kuomba sifa kabla ya kuuliza kama mali imefika salama anaonyesha anajali jina lake kuliko mteja.

Ujumbe wa kukumbusha nao unafaa, ila uwe mmoja, na utumwe mali ikiwa imekwisha fika. Ukitangulia mzigo, unamkumbusha mnunuzi kuwa bado anasubiri, na anayekumbushwa hivyo haandiki sifa. Katika eBay mnunuzi ana siku 60 za kutoa maoni, kwa hiyo hakuna haja ya kumsukuma siku ya pili. Kwa mali inayovuka bahari, ambayo inaweza kukaa posta na forodha kwa wiki kadhaa, muuzaji anapaswa kuhesabu siku hizo vizuri ili dirisha lisifungwe kabla mzigo haujafunguliwa.

Je, anaweza kulipa? Swali hili huulizwa sana, na jibu lake linategemea analipia nini. Taobao, soko la intaneti la kampuni ya Alibaba huko China, mwaka 2012 liliruhusu wauzaji kutangaza kuwa watarudisha sehemu ndogo ya bei kwa mnunuzi atakayeandika maoni. Malipo yalitolewa kwa maoni yenye habari za kutosha, yawe ya sifa au ya lawama, na kilichopima utoshelevu huo kilikuwa kompyuta ya soko, si muuzaji. Watafiti waliofuatilia mpango huo waliona kuwa wauzaji wenye mali nzuri ndio waliokuwa tayari kuutumia zaidi. Mwenye mali mbovu hawezi kuwa mwepesi wa kulipia watu wamseme.

Kununua sifa yenyewe ni jambo jingine. eBay hairuhusu muuzaji kutoa punguzo au zawadi kwa ajili ya alama nzuri. Amazon ilipiga marufuku maoni ya kulipiwa kwa bidhaa za bure mwaka 2016, isipokuwa kupitia mpango wake yenyewe. Na tangu Oktoba 2024 kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani inakataza kulipia maoni kwa masharti kwamba yawe ya sifa au ya lawama, na mvunjaji anaweza kutozwa faini.

Kinachobaki kuwatia hofu wauzaji wadogo ni kwamba wakihimiza watu waseme, wengine watasema mabaya. Hofu hiyo haina budi kupimwa kwa takwimu. Luís Cabral na Ali Hortaçsu, katika utafiti wa mwaka 2010, walikuta kuwa muuzaji wa eBay anapopata alama mbaya ya kwanza, mauzo yake yaliyokuwa yakikua kwa asilimia 5 kwa wiki hugeuka na kushuka kwa asilimia 8. Hilo ni pigo la kweli. Hata hivyo, katika jaribio la postikadi lililotajwa juu, alama mbaya moja au mbili kwa jina jipya hazikupunguza bei ambayo wanunuzi walikuwa tayari kulipa ikilinganishwa na jina jipya lisilo na doa. Inaelekea mgeni haaminiki sana tangu mwanzo, awe na doa au asiwe nalo.

Vile vile hesabu ya asilimia ni rahisi. Mwenye maoni 10 akipata baya moja anabaki na asilimia 90, na macho ya kila mnunuzi yatatua hapo. Mwenye maoni 400 akipata lilo hilo moja anabaki na asilimia 99.75. Tofauti kati yao ni wanunuzi 390 walioombwa waseme, wakasema.

Na kwa lawama iliyokwisha andikwa, mlango haujafungwa kabisa. Muuzaji akirekebisha kosa, anaweza kumwomba mnunuzi abadili alama kupitia mnada wenyewe. Anaruhusiwa maombi matano kwa kila maoni 1,000 aliyopokea katika mwaka, na mnunuzi ana haki ya kukataa.