Kumbukumbu za ngome ya tarakilishi hufichua nani aliyebisha hodi

NGOME ya tarakilishi, ile programu ambayo mafundi huiita faiawoli, hufanya kazi usiku na mchana bila kupiga kelele. Huzuia pakiti zisizoalikwa, ikaruhusu nyingine zipite, na mwenye tarakilishi asiwe na habari. Hata hivyo, shughuli hizo zote zinaweza kuandikwa katika faili moja ambayo mwenyewe anaweza kuifungua na kuisoma, ingawa ni wachache mno waliowahi kufanya hivyo.

Kampuni ya Microsoft ilitia ngome ndani ya Windows XP mwaka wa 2001, lakini ikaiacha ikiwa imezimwa. Mnamo Agosti 2003, kirusi kilichoitwa Blaster kilienea duniani kupitia mlango nambari 135. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, kampuni hiyo ilitoa toleo la Service Pack 2 lililowasha ngome bila kumsubiri mtumiaji aamue. Uwekaji wa kumbukumbu, kwa upande wake, haukuwashwa, na hadi leo hubaki umezimwa mpaka mwenyewe auwashe.

Kuuwasha si kazi ngumu, mradi mtu awe na mamlaka ya msimamizi kwenye tarakilishi hiyo. Katika Windows 10 na 11, hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, akaandika wf.msc, kisha akafungua Properties. Dirisha linalojitokeza lina kurasa za Domain, Private na Public. Katika kila ukurasa kuna sehemu ya Logging. Akibofya Customize ataulizwa iwapo pakiti zilizozuiwa ziandikwe, na iwapo miunganisho iliyofaulu iandikwe pia.

Hapa ndipo wengi huteleza. Huwasha kumbukumbu katika ukurasa wa Private, unaohusu mtandao wa nyumbani, wakausahau ule wa Public. Kipakatalishi kikifika hotelini au katika uwanja wa ndege, hakuandikwi hata mstari mmoja, ilhali ni huko ambako mtu huchangia mtandao na watu asiowajua.

Faili yenyewe huitwa pfirewall.log na huhifadhiwa katika C:\Windows\System32\LogFiles\Firewall. Husomeka kwa Notepad iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Ukubwa wake wa kawaida ni kilobaiti 4,096. Ikijaa, hubadilishwa jina ikawa pfirewall.log.old na nyingine mpya ikaanzishwa. Ile ya zamani zaidi hupotea. Kwa tarakilishi yenye shughuli nyingi kiwango hicho ni kidogo, hivyo yafaa kukipandisha hadi kilobaiti 32,767, ambacho ndicho upeo wake.

Kila mstari huanza kwa tarehe na saa. Hufuata neno DROP kwa kilichozuiwa au ALLOW kwa kilichoruhusiwa, kisha itifaki, anwani ya aliyetuma, anwani ya anayetumiwa, na nambari za milango ya pande zote mbili. Mwishoni huonyeshwa iwapo pakiti ilikuwa ikiingia, RECEIVE, au ikitoka, SEND.

Anayeifungua faili hiyo mara ya kwanza huenda akashtuka kuona mamia ya mistari ya DROP. Nyingi si mashambulizi. Printa, runinga na simu za nyumba hiyo hiyo hutangaza kuwapo kwao kila mara kupitia milango kama 137, 1900 na 5353. Anwani zinazoanza kwa 192.168 au 10 ni za mtandao wa ndani, si za mdukuzi aliye ng'ambo. Isitoshe, ruta ya nyumbani kwa kawaida huwazuia wageni wa nje kabla hawajaifikia tarakilishi.

Jambo la kutia wasiwasi ni tarakilishi moja ya ofisini inayobisha mlango 445 wa wenzake wote, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo WannaCry ilivyosambaa Mei 2017, ikafunga faili za watu, ikadai fidia na kuvuruga huduma za hospitali nchini Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuwa wamekiweka. Majaribio ya mfululizo katika mlango 3389, unaotumiwa kuendesha tarakilishi kutoka mbali, nayo si ya kupuuzwa.

Mistari ya ALLOW inayotoka huwa na mengi zaidi kuliko ile ya DROP, ingawa wengi hawaitazami. Ngome ya Windows huruhusu karibu kila kitu kutoka isipoagizwa vingine. Tarakilishi ambayo usiku wa manane, mwenyewe akiwa amelala, hutuma pakiti kwa mlango 25 wa anwani nyingi tofauti huenda imegeuzwa mtumwa wa kusambaza baruapepe taka. Ili kuijua programu inayohusika, mtu huandika netstat -b katika dirisha la amri la msimamizi wakati muunganisho ungali hai.

Dalili kama hizo zikionekana, hatua ya kwanza ni kuiondoa tarakilishi kwenye mtandao, kisha kunakili faili zote mbili za kumbukumbu kabla hazijafutwa na mpya. Nchini Kenya, visa vya aina hii hupokewa na kituo cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Saa ya tarakilishi nayo sharti iwe sahihi, kwani kampuni za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya kuchangia, na pasipo saa kamili huwa vigumu kutambua ni yupi kati yao aliyekuwa akiitumia.