Marehemu anapoimba wimbo mpya: Raha na mashaka ya sauti za mashine

JE, umewahi kuabiri matatu ukamsikia mwimbaji aliyezikwa zamani akiimba wimbo uliotoka mwaka jana?

Mimi nimemsikia. Ilikuwa jioni katika Barabara ya Jogoo, Nairobi, magari yamesongamana kama kawaida, na utingo ameongeza sauti ya redio. Mwimbaji nilimtambua papo hapo. Ni mmoja wa wale wa zilizopendwa ambao baba alikuwa akiwacheza kwa santuri kila Jumapili baada ya chakula. Wimbo nao niliujua, ni wa vijana wa siku hizi. Mwili ulinisisimka, nywele za mikono zikasimama. Nilipomuuliza utingo wimbo huo ameupata wapi, alicheka. "Hiyo ni ya AI, mzee. Imetengenezwa tu."

Nilishuka kituoni nikiona haya kidogo, kama mtu aliyempungia mkono mgeni akidhani ni rafikiye. Na kwa kuwa najua si mimi pekee niliyepatwa na haya hiyo, nimeona tuizungumzie wiki hii.

KUIMBA WIMBO WA MWENZIO

Kuimba upya wimbo wa mwingine si jambo geni. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William wa hapa kwetu, umeimbwa pia na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, kundi la Boney M la Ujerumani na Angelique Kidjo wa Benin. Kila mmoja aliutia sauti yake, na msikilizaji alijua anamsikia nani. Kilichobadilika sasa ni hicho cha mwisho.

Nyimbo hizi za akili bandia aghalabu hutengenezwa hivi. Programu ya kompyuta hulishwa rekodi za mwimbaji mashuhuri, wakati mwingine za dakika chache tu, ikajifunza sauti yake ilivyo: ukwaruzo wake, uzito wake, namna anavyopanda juu. Kisha mtu mwingine ambaye jina lake halitajwi huuimba wimbo unaotakiwa. Programu huivua sauti ya mtu huyo na kumvisha ya yule mashuhuri. Lakini mahali pa kuvuta pumzi, neno lililorefushwa, neno lililokatwa ghafla, hayo yote hubaki ya yule asiyejulikana. Kwa hivyo, msomaji, unaposisimka, huenda nusu ya kilichokusisimua ni kazi ya kijana fulani aliyejifungia chumbani na simu yake.

Ziko pia programu zinazotunga wimbo mzima kutokana na maneno machache yaliyoandikwa, bila mtu yeyote kufungua kinywa. Masikio yetu hayawezi kutegemewa hapo. Mnamo Novemba 2025 kampuni ya muziki ya Deezer ilitangaza matokeo ya uchunguzi uliohusisha watu 9,000 katika nchi 8. Asilimia 97 walishindwa kuutambua muziki wa mashine na ule wa binadamu.

RAHA NI YA KWELI

Je, aliyefurahishwa na wimbo wa namna hii ana kasoro? Hana. Watafiti wa Montreal nchini Kanada walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu anaposikiliza muziki unaomsisimua, ubongo wake hutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo pia huhusika na raha ya chakula kitamu. La kupendeza zaidi ni kwamba ubongo ulianza kujiandaa hata kabla ya wimbo kufika pale patamu, wakati msikilizaji anapangojea tu. Ubongo haungoji kuonyeshwa cheti cha kuzaliwa cha mwimbaji.

Na sauti tuliyoizoea ina nguvu za pekee. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1980 ulionyesha kwamba watoto wachanga ambao hawajatimiza siku tatu tangu kuzaliwa walinyonya chuchu ya mpira kwa namna iliyowawezesha kuisikia sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Tumeanza kuziamini sauti kabla hatujajua neno hata moja. Ndiyo maana pale kwenye matatu sikusikia mwimbaji tu. Nilisikia mlio wa santuri, nikanusa pilau, nikamwona baba amevua viatu.

Hata hivyo, kujua kunabadilisha mambo. Watafiti wengine wa Marekani waliripoti mwaka 2023 kwamba watu wakiambiwa muziki umetungwa na mashine huupenda kidogo kuliko wanapoamini umetungwa na mtu. Wako wanaosema hayo ni maonevu dhidi ya mashine. Mimi sikubaliani nao sana. Hata chai ina ladha nyingine ukijua imepikwa na nani, na sijaona mtu akilaumiwa kwa hilo.

Mashabiki wa muziki wa kantri, ambao ni wengi mno hapa Kenya, wanamfahamu Randy Travis wa Marekani. Mwaka 2013 alipatwa na kiharusi kilichomwachia tatizo la usemi liitwalo afasia, ambapo mgonjwa anajua anachotaka kusema lakini maneno hayamtoki. Mnamo Mei 2024 ulitoka wimbo wake mpya, "Where That Came From". Aliyeuimba ni mwimbaji mwingine, James Dupré, kisha sauti ikageuzwa kuwa ya Travis kwa kutumia rekodi zake za zamani. Mashine hiyo ni ya jamii moja na ile iliyotengeneza wimbo wa matatu. Ila Travis mwenyewe aliridhia na wasikilizaji wakaambiwa. Yule wa zilizopendwa hakuna aliyemuuliza, na asingeweza kujibu.

Kuhusu kiwango cha sauti sitasema mengi, kwani sikio halijali aliyeimba ni nani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda unavyopaswa kupungua. Ukitoka kwenye matatu masikio yakivuma, umeshapita kiasi.

Jingine la tahadhari ni kwamba ufundi unaomfanya marehemu aimbe unaweza pia kumfanya mwanao "alie" kwenye simu akiomba pesa za hospitali. Ukipata simu ya namna hiyo, usiogope kukata. Piga mwenyewe ile namba yake unayoijua, au mwulize jambo linalojulikana nyumbani pekee.

MAMA NA SAUTI YA MWANAWE

Lililonikaa moyoni zaidi lakini ni la jirani yetu mmoja, mama mjane mwenye umri wa miaka sitini na kitu. Kijana wake alikuwa mwimbaji wa kwaya na alifariki kabla ya kutimiza miaka 30. Binamu za marehemu, kwa nia njema kabisa, walikusanya rekodi zake za mazoezi ya kwaya na jumbe za sauti za WhatsApp, wakatengeneza nakala ya sauti yake. Wakamwimbisha wimbo wa kanisani ambao hakuwahi kuurekodi.

Mama alilia, akashukuru. Kisha akawa anausikiliza kila usiku hadi saa nane, chakula hakimpiti, na kwenye chama akaacha kwenda. Binti yake akaja kuniuliza kwa kuwa naandika makala za afya: wamnyang'anye simu?

Nilimwambia la. Kutaka kuisikia sauti ya mpendwa aliyeondoka si ugonjwa. Watu wametunza kanda na picha tangu zilipoanza kuwapo. Lakini kuna mpaka. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, yamo majonzi ya muda mrefu: huzuni nzito inayozidi miezi 6, kupita desturi za jamii husika, na kumzuia mtu kuendesha maisha yake. Mama huyu alikuwa mwezi wa tisa, halali, hali. Nikamshauri binti ampeleke kwa mshauri nasaha, na asimkatalie sauti, bali akae naye anapoisikiliza ili asiwe peke yake na simu gizani.

Walifanya hivyo, na hali ya mama ikaanza kutengemaa. Baada ya wiki kadhaa nilipita kumjulia hali. Alikuwa amekula. Akaniwekea ule wimbo, tukasikiliza wote watatu, na kwa kweli ulikuwa mzuri. Ulipofika ubeti wa pili mama aliinua kidole.

"Hapo, mwanangu. Umesikia?"

Nikasema sijasikia kitu.

"Ndiyo. Hakuna kitu. Mtoto wangu alikuwa na pumu. Hapo lazima angesimama avute pumzi, kwaya nzima ilikuwa inamngojea. Huyu haishiwi pumzi."

Aliyeimba, bila shaka, alikuwa binamu, mwenye mapafu yake mazima. Mama hakukasirika. Alisema wimbo asiufute mtu, atauweka siku ya kumbukumbu wageni wakija. Kisha akatafuta kwenye simu ujumbe wa sauti wa sekunde chache ambao kijana aliutuma akiwa njiani kutoka mazoezini, akiuliza kama anunue mkate au maziwa. Katikati ya swali kunasikika mluzi mwembamba wa kifua. Mama aliucheza mara mbili, akaweka simu mezani, akaenda kuteleka chai.