Televisheni inamfundisha mwanao, au inamnyamazisha tu?

Dada yangu anaishi kata ya Pangani, Kibaha Mjini. Si ile Pangani ya Tanga yenye mto na bahari. Hii ni ya Mkoa wa Pwani, ambako watu wengi wamejenga taratibu huku wakiendelea kutafuta riziki Dar es Salaam. Yeye ni mmoja wao. Saa 10:30 alfajiri ameshaamka, saa 11 yuko kwenye bodaboda kuelekea Barabara ya Morogoro kutafuta gari la Mbezi, na kutoka hapo anaunganisha hadi Kariakoo. Kurudi ni saa 2 usiku, siku foleni ikiwa na huruma. Shemeji yangu ni dereva wa lori, wiki mbili nyumbani, wiki mbili safarini.

Nyumbani wanabaki watoto wawili, wa kiume wa darasa la nne na wa kike wa miaka minne, pamoja na binti anayemsaidia dada kazi. Na televisheni ya inchi 32.

Dada hakuinunua kwa anasa. Aliinunua baada ya kugundua kwamba mwanawe, akitoka shule, anapitia kwenye kibanda umiza kuangalia filamu za mapigano pamoja na vijana wakubwa. Akaona bora mtoto atulie ndani aangalie katuni za masomo. Mwaka huo kijana alikuwa anajiandaa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na hisabati ilikuwa inamsumbua.

Nilipowatembelea Jumamosi moja, nilimkuta mpwa wangu mbele ya kioo, akiimba pamoja na katuni wimbo mzima unaohusu sehemu. Hakukosea hata neno. Nilifurahi, nikamuuliza kama mama mdogo yeyote angeuliza: chapati moja mkigawana watu wanne sawasawa, kila mmoja anapata kiasi gani?

"Robo, mamdogo."

Na wawili kati yenu wasipokula, kinachobaki ni kiasi gani?

Akanyamaza. Akatazama televisheni, kana kwamba jibu lingetoka kule. Dada alikuwa jikoni, lakini nilijua amesikia, kwa sababu sauti ya sufuria ilikoma.

Nikachukua chapati kwenye sahani, nikampa kisu. Alikata mara mbili, akazitenga robo mbili pembeni, akazitazama. "Nusu!" alisema, kwa mshangao kama wa mtu aliyeokota hela. Hazikupita dakika mbili. Wimbo ule alikuwa ameusikia kwa wiki kadhaa, na ulikuwa umefanya kazi yake vizuri: maneno yote yalikuwa kichwani. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia kuyatoa kichwani na kuyaleta mezani.

Katuni zinafundisha kweli?

Jibu fupi ni ndiyo, na sisi Watanzania tunayo mifano ya nyumbani. Januari 2014, kipindi cha Ubongo Kids kilianza kurushwa TBC1 kwa Kiswahili, kikiwa kimetengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi. Baadaye watengenezaji walewale wakaleta Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi, hadithi za binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa Morogoro kwa watoto zaidi ya 500 wa madarasa ya awali. Kwa wiki kadhaa, baadhi yao waliangalia Akili and Me na wengine wakaangalia vipindi vingine. Walioangalia Akili and Me walifanya vizuri zaidi katika kuchora, kutambua maumbo na namba, kuhesabu, na hata maneno ya Kiingereza. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2021, uliangalia uwezo wa hisabati wa watoto wa Tanzania na kukuta kwamba wanaokifahamu kipindi cha Ubongo Kids walikuwa mbele kidogo ya wenzao, hata baada ya kuzingatia tofauti za umri na hali za familia.

Marekani nako, kipindi cha Sesame Street kilichoanza Novemba 1969 kimechunguzwa kwa miongo mitano. Tathmini za mwanzo kabisa ziligundua jambo ambalo mzazi wa Pangani anapaswa kulibandika ukutani: waliojifunza zaidi ni watoto waliokaangalia mara nyingi, na wengi wa hao ni wale ambao mama zao walikaa nao kuangalia na kuzungumza nao juu ya walichokiona.

Kwa maneno mengine, televisheni ina uwezo wa kufundisha. Lakini haiwezi kumsikia mtoto akikosea. Ikiuliza swali, inasubiri sekunde tatu na kujijibu yenyewe, mtoto awe amepata au amekosa.

Tulishawahi kufanya hivi

Wazazi wetu na babu zetu walilijua jambo hili kabla ya king'amuzi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu wazima milioni mbili walikusanyika vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12, wakijifunza juu ya malaria, kuhara, maji safi na vyoo.

Matokeo yake hayakuwa maneno matupu. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu. Lakini siri haikuwa redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, mtu wa palepale kijijini aliyepewa mafunzo mafupi. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa, watu wakajadili: hapa kwetu hali ikoje, na sisi tutafanya nini? Kiongozi hakuhitaji kuwa daktari. Alihitaji kujua kuuliza.

Na hatuhitaji kurudi mbali sana. Machi 17, 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya corona, vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni hadi madarasa mengine yote yaliporudi Juni 29. Wazazi wengi tunakumbuka: kuna nyumba ambazo watoto walirudi shule wakiwa wamesonga mbele, na kuna nyumba ambazo televisheni iliwaka miezi mitatu na daftari likabaki jeupe.

Si kila katuni ni somo

Kosa ambalo nimeliona katika nyumba nyingi, pamoja na za ndugu zangu mwenyewe, ni kudhani kwamba chochote chenye wanyama wanaoongea ni elimu. Kosa la pili ni kudhani kwamba kwa kuwa ni Kiingereza, basi mtoto anasoma. Mtoto anaweza kuiga lafudhi ya katuni bila kuelewa kilichosemwa.

Kaa na mtoto mara moja, uangalie kipindi kizima. Kipindi cha kufundisha huwa na jambo moja ambalo mwisho wake unaweza kulitaja: leo tumejifunza kupima urefu, leo tumejifunza kwa nini maji huchemshwa. Hulirudia jambo hilo kwa njia tofauti. Humpa mtoto nafasi ya kujibu. Na hutumia lugha ambayo mtoto anaielewa. Kama nusu saa imepita na wewe mtu mzima huwezi kusema kilichofundishwa, hiyo ni burudani. Burudani si dhambi, ila usiihesabu kama masomo.

Angalia pia kinachofuata baada ya kipindi. Katuni ya hisabati inaisha, televisheni inabaki inawaka, na saa moja usiku mtoto yuleyule anaangalia tamthilia iliyotafsiriwa yenye usaliti na visasi. Siku nzima unaamini mtoto "alikuwa anaangalia vipindi vya masomo".

Macho, usingizi na mwili

Kwa upande wa afya, umri una maana kubwa. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2019, halishauri mtoto wa chini ya miaka miwili awekwe mbele ya kioo. Kwa wa miaka miwili hadi minne linashauri isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo yule mdogo wa miaka minne anayekaa karibu na kaka yake anahitaji kuhesabiwa muda wake peke yake.

Kwa watoto wa shule, kuanzia miaka mitano hadi 17, mwongozo wa WHO wa 2020 haukuweka idadi ya saa za televisheni. Umesema muda wa kukaa tu upunguzwe, na mtoto apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili: kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira. Kucheza nje mchana kunasaidia macho pia, kwa sababu watoto wanaokosa muda wa kutosha nje wana hatari kubwa zaidi ya kupata tatizo la kutoona mbali.

Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji usingizi wa saa tisa hadi 12. Anayeamshwa saa 11:30 alfajiri kwa ajili ya shule anapaswa kuwa amelala ifikapo saa 2:30 usiku. Zima televisheni saa moja kabla ya hapo. Na ukiona mtoto anasogelea kioo kila mara, anakunja uso au analalamika kichwa kinauma, usimpige marufuku tu. Mpeleke akapimwe macho. Huenda hata ubao wa darasani haoni vizuri.

Mzazi anayerudi usiku afanyeje?

Hapa ndipo ushauri mwingi wa vitabuni unapogonga ukuta. "Kaa na mtoto wako uangalie naye" ni maneno matamu kwa mtu anayerudi saa 10 jioni. Dada yangu angekaa saa ngapi?

Jioni ile tulizungumza, na kilichojitokeza ni kwamba mtu wa kukaa na watoto alikuwepo muda wote. Yule binti wa kazi. Yeye mwenyewe alikataa mwanzoni. Alisema aliishia darasa la saba, hawezi kufundisha hisabati. Tukamwambia hakuna anayemwomba afundishe. Aulize tu maswali matatu kipindi kikiisha: Umeona nini? Kwa nini imekuwa hivyo? Nionyeshe kwa vitu vya hapa ndani.

Kama huna msaidizi, kaka au dada mkubwa anaweza, au bibi. Bibi asiyejua kusoma ni mwuliza maswali mzuri kuliko wengi, kwa sababu akisema "sijaelewa, hebu nieleze" anamaanisha kweli, na mtoto analazimika kueleza.

Mambo mengine tuliyokubaliana siku ile, ambayo mzazi yeyote anaweza kuyajaribu:

1. Kipindi kimoja kilichochaguliwa, cha nusu saa hivi, kwa saa inayojulikana. Kikiisha, televisheni inazimwa. Ratiba imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, ili ugomvi uwe na karatasi, usiwe na binti.

2. Daftari la pembeni. Mtoto anaandika au kuchora jambo moja alilojifunza. Mama akirudi usiku, hata kama mtoto amelala, analiona na kuweka alama ya vema.

3. Simu ya dakika tatu. Dada anapiga akiwa kwenye gari. Badala ya "umekula? umeoga?" pekee, anaongeza "leo umejifunza nini?"

4. Kucheza nje kwanza, televisheni baadaye. Mtoto aliyetoka darasani hahitaji kukaa tena papo hapo.

5. Kifurushi kikiisha, maisha yaendelee. Redio ina vipindi vya watoto pia, na somo la nusu saa redioni likifuatiwa na maswali linashinda saa nne za kioo bila mtu wa kuuliza.

Mji huu wa Kibaha unajulikana kwa elimu tangu 1963, ulipoanza mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic ambao baadaye ulizaa Shirika la Elimu Kibaha. Lakini elimu ya mtoto wa Pangani haiamuliwi na historia ya mji. Sehemu yake inaamuliwa sebuleni, kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, na mtu ambaye huenda hajioni kama mwalimu.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa na dada kwenye gari la Kibaha, tumesimama Kimara kwenye foleni. Akapiga simu nyumbani, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Akauliza swali lake: leo umejifunza nini kwenye TV?

"Leo umeme umekatika, mama," kijana akajibu. "Tumecheza duka. Dada ananunua sukari robo kilo, mimi namrudishia chenji. Amejaribu kunipunja mara mbili, nimemkamata."

Dada yangu alikata simu, akageukia dirishani. Kwa muda hakusema kitu.