Kurasa Zilizobanwa kwa Stepla

Majuzi, katika stendi ya matatu hapa Kianjai, mwanafunzi mmoja wa sekondari alinionyesha mkusanyiko wa hadithi fupi alioazima katika maktaba ya shule yake. Kurasa nne za katikati zilikuwa zimebanwa kwa stepla, pini tatu juu na tatu chini. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu kwa utulivu: "Mwalimu alisema hizo si zetu." Alikuwa amekwisha kuzisoma zote, tena mara mbili, kwa kuzichungulia ubavuni.

Sisi Wakenya tumezoea kuiona marufuku ya maandishi kuwa ni kazi ya serikali, na si bure. Mwaka 1977 mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulizuiwa huko Kamirithu, na mwaka ulipokuwa ukingoni Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1987 polisi walizizoa nakala za riwaya yake Matigari madukani. Juzi tu, Aprili 2025, wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao Echoes of War ilhali Mahakama Kuu ilikwisha kuamuru waruhusiwe kuuigiza. Polisi walirusha vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Shule hiyo hiyo iliwahi kuokolewa na mahakama mwaka 2013, pale mchezo wake Shackles of Doom ulipozuiwa.

Marufuku ya namna hiyo huonekana na watu wote, kwa hiyo hupata wapinzani. Kesi hufunguliwa, magazeti huandika, na aliyekuwa hajakisikia kitabu hukitafuta. Hii ya stepla haina hakimu wala rufaa.

Hata hivyo, simlaumu mwalimu upesi. Anamhofia mzazi atakayefika Ijumaa na kitabu mkononi, na mkuu wa shule asiyependa kelele. Mzazi naye ana haki ya kuuliza mwanawe wa miaka 14 anasomeshwa nini. Swali lake ni halali; ajabu ni kwamba hujibiwa kwa pini.

Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, jirani zetu, alichapisha Kifo Kisimani mwaka 2001. Tamthilia hiyo humweka jukwaani mtawala dhalimu, na mpinzani wake korokoroni. Ilitahiniwa kwa miaka katika shule zetu na nchi haikubomoka, kwa kuwa walimu waliisoma mbele ya darasa, wakaulizwa maswali mazito, wakajibu walichoweza.

Nilimwomba yule mwanafunzi anisimulie hadithi iliyobanwa. Akasema inamhusu msichana aliyelaghaiwa na mtu mzima mwenye gari hata akaacha shule. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama msichana yule angeweza kumshtaki mtu huyo, na kwa nani. Matatu ilikuwa imekwisha kujaa, na utingo anatuhimiza. Aliyestahili kuulizwa swali hilo alikuwa shuleni, katika chumba cha walimu.