Mafuta Yanayotii Sumaku

Feni nyingi za mezani hazina beringi za golori. Shafti huzunguka ndani ya bushi ya unga wa shaba na bati, ulioshindiliwa kisha kuokwa bila shaba kuyeyuka. Katikati ya punje hubaki vitundu, kama moja ya tano ya ujazo, navyo hujazwa mafuta. Shafti ikizunguka, joto huyasukuma mafuta nje. Ikisimama, vitundu huyafyonza tena. Kasoro ni kwamba mzigo ukilemea, vitundu hivyohivyo huyameza mafuta, utando hupungua na metali husugua metali. Fundi atashauri mafuta mazito zaidi. Lakini mafuta hayajaisha. Yamepakimbia mahali yanapohitajika. Kinachotakiwa ni kitu cha kuyashikilia hapo.

Kishikizo hicho kilipatikana bila kukusudiwa kwa ajili ya bushi. Mwaka 1963 Steve Papell wa NASA, akitafuta namna ya kuvuta fueli ya roketi pasipo uzito, alitengeneza kimiminika chenye chembe za oksidi ya chuma zilizovikwa asidi ya oleiki zisigandamane. Chembe za vimiminika hivi huwa na upana wa nanomita 10 hivi, ndogo kiasi kwamba mtikisiko wa molekuli huzizuia kutuama. Mafuta yenye chembe hizo hukimbilia upande ambako sumaku ina nguvu zaidi. Sumaku yenye nguvu sawa kila mahali haiyavuti kokote, kwa hiyo mbunifu wa bushi sharti aipange nguvu izidi palepale shafti inapoegemea. Hili si ndoto: mafuta ya aina hiyo, yakishikwa na sumaku, yaliwahi kutumika kuzuia vumbi kwenye shafti za diski za kompyuta.

Je, chembe hizo hazitakwaruza? Hata uso wa shafti uliosagwa vizuri huwa na mikwaruzo mikubwa kuliko nanomita 10, basi hofu hiyo ni ndogo. Pingamizi la pili lina uzito: ndani ya uga wa sumaku mafuta huwa mazito, na kwenye mota ya kasi uzito huo huzaa joto. Nakubali, ila kwenye shafti ya polepole yenye mzigo mkubwa, inayowashwa na kuzimwa mara kwa mara, uzito huohuo ndio unaoutunza utando. Linalonisumbua hasa ni la tatu: sumaku haichagui, huvuta mafuta pamoja na vumbi la chuma. Bushi kama hii ifungwe isiingize uchafu, na isiwekwe kamwe ndani ya gia boksi.